Dada aliyekataa chai

Kwenye kongamano letu la mambo ya simu na kompyuta mimi hupewa kamati ya chakula. Sababu niliyoambiwa mwaka wa kwanza ni kwamba shemeji yangu anapika chakula cha shughuli. Ile ambayo hawakuisema ni kwamba kikaoni kulikuwa na wanaume tisa na mimi.

Tunakutana siku moja kwa mwaka, Jumamosi ya Septemba, hapa Dodoma mjini: mafundi simu, wenye steshenari kama mimi, walimu wa TEHAMA, wanafunzi wa chuo, na watu wanaotaka tu kujua namna ya kuuza zabibu au vitenge kwa simu. Ukisikia kongamano usifikirie ile kumbi ya Jakaya Kikwete na mazulia yake. Letu ni la kuchangishana. Wapo wanaotoa elfu hamsini, na yupo aliyeleta debe la mchele.

Mwaka huo wa kwanza tulikuwa ghorofani, ngazi ishirini na mbili, lifti hakuna. Asubuhi akafika dada mmoja kutoka Chamwino na kitimwendo chake. Yeye na wenzake wana kikundi cha kushona. Walikuwa wamekopa kwenye zile asilimia 10 za mapato ya ndani ya halmashauri, ambazo wanawake wanapata 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Alikuja kujifunza kutunza hesabu za mkopo kwenye simu. Vijana wanne wakamnyanyua na kiti chake, wakapanda naye huku watu wakipiga makofi. Makofi! Na mimi nilipiga. Alipotuliwa juu akaweka kitenge chake sawa, akaniambia taratibu, "Mdogo wangu, mimi hata siku ya harusi yangu sikubebwa." Nikacheka, nikidhani ni utani.

Saa nne nikapita na chai.

"Dada, karibu chai na chapati."

"Asante, nimefunga."

Nikamtazama. Rozari iko shingoni, na Septemba si Kwaresma. Lakini funga ya mtu ni yake na Mungu wake, nikasogea mbele. Saa saba alipokea pilau, akaliweka kwenye kibakuli alichokuja nacho, akasema atafuturu nyumbani. Chupa ya maji aliiingiza mkobani bila kuifungua.

Miezi mitatu baadaye nilipeleka printa Chamwino, nikamkuta barazani na cherehani yake ya mkono. Baada ya shikamoo na habari za watoto nikamuuliza kama bado anafunga. Akaachia mkono wa cherehani.

"Wewe kile choo chenu uliingia?"

"Niliingia."

"Mlango wake una upana gani?"

Sikujua. Yeye alijua. Kiti chake kina sentimita 65, mlango ulikuwa na 60, na ndani kulikuwa na choo cha kuchuchumaa juu ya kidato. Aliuliza hayo kwa simu siku moja kabla, mlinzi akampimia kwa rula ya mtoto wake. Kwa hiyo alianza kukataa maji tangu saa mbili usiku wa Ijumaa. Anayeijua Dodoma ya Septemba anajua maana ya kushinda hivyo: upepo umebeba vumbi jekundu, midomo inapasuka, na mvua ni mpaka Desemba huko. Ndiyo safari zake zote zilivyo, akasema. Harusi, misiba, semina. Anafunga.

Tangu siku hiyo nikiingia ukumbi wowote sitazami jukwaa. Naanzia chooni. Wenzangu kwenye kamati walinitania wakaniita Bibi Afya, lakini mimi naona mtu ambaye hana pa kujisaidia hujamwalika, hata kama umemwandikia kadi ya dhahabu na kumweka mbele ya kamera.

Mwaka uliofuata nilizunguka kutafuta ukumbi na futi ya fundi seremala mkobani. Nilikagua kumbi tano. Pale pa tatu mlinzi alinifungulia geti kwa saluti akidhani natoka Jiji. Hatimaye tukapata mmoja wa chini, choo kipana, mlango wa sentimita 90, tatizo ni vidato viwili tu vya kuingilia. Nikamwita fundi. "Haina shida mama, kesho unakuta tayari." Kesho yake nikakuta rampu ya kupandishia bodaboda. Vidato vile viwili vina kimo cha sentimita 30. Yeye kamwaga zege la urefu wa mita moja, kapiga na niru juu likateleza vizuri. Kipimo kinachojulikana ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kupanda upewe sentimita kumi na mbili za kwenda. Sentimita 30 zinataka mita 3 na sentimita 60. Fundi akaona nimechanganyikiwa. "Mita tatu na nusu kwa vidato viwili?" Sikubishana. Nilimkalisha kwenye kitimwendo cha kuazima, nikamwambia panda. Mara ya kwanza magurudumu yaliteleza. Ya pili alifika katikati. Ya tatu alirudi kinyumenyume mpaka kwenye maua ya mwenye ukumbi. Jioni ile ile akaanza kuvunja.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010, mwaka mmoja baada ya nchi kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao. Fundi hakuwa ameisoma. Wala mimi.

Kitu kingine tulichobadilisha mwaka ule ni fomu. Mwanzoni tuliandika: "Je, una ulemavu? Ndiyo/Hapana." Katika watu 120, waliojibu ndiyo walikuwa wawili. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani, na kwa hesabu hiyo ukumbini tungekuwa nao kumi na tatu. Ama kumi na mmoja walibaki nyumbani, ama walikuwepo wakaona hakuna haja ya kujitangaza kwa watu ambao hawajasema watawafanyia nini. Safari hii tukauliza: "Unahitaji nini ili siku hiyo ikuendee vizuri?" na tukaacha mistari mitatu mitupu.

Ile mistari ilinifundisha kuliko semina yoyote. Mmoja aliandika hasikii sikio la kushoto, apewe kiti upande wa kushoto wa ukumbi ili sikio zima liwe kwa msemaji. Mzee wa Kikuyu, kata ya hapa hapa mjini: "Nina kisukari. Chakula kikichelewa naanguka." Mwingine: "Nanyonyesha." Mwalimu mmoja asiyeona alitaka vielelezo vya wasemaji atumiwe mapema, vikiwa maandishi na si picha ya maandishi. Na kijana mmoja aliandika neno moja tu: kivuli.

Huyu wa kivuli ana ualbino. Mwaka wa kwanza tulimsimamisha foleni ya usajili juani dakika arobaini, na mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, anga jeupe halina hata wingu la kusingizia. Halafu tukamkalisha nyuma. Ualbino hauishii kwenye ngozi, macho nayo yanaona kwa shida, hivyo siku nzima alikuwa akipiga picha skrini kwa simu na kuzikuza ndipo asome. Meza za usajili kuzihamishia chini ya mwarobaini ilikuwa kazi ya dakika tano. Kumsogeza mbele kulichukua vikao vitatu, kwa sababu mbele kuna makochi.

Mwenyekiti wetu ni mtu mwema, ila anaipenda itifaki kuliko anavyopenda chumvi. Makochi ya mgeni rasmi na msafara wake lazima yawe mstari wa kwanza, na maua, na maji ya baridi. Nilimwambia mgeni rasmi macho yake ni mazima. Akasema mimi siheshimu viongozi. Mwishowe makochi yakakaa pembeni ya jukwaa, mistari miwili ya mbele ikawa ya walioomba. Mgeni rasmi alifika saa tano badala ya saa tatu, akakaa kochi la pembeni, akaomba maji, basi. Ilipofika saa saba bado anahutubia, nikampelekea mwenyekiti kikaratasi: "Sufuria zimefunguliwa, mzee wa Kikuyu anakula." Hakunisemesha mpaka Jumatatu.

Kwenye lugha ya alama tuliharibu kwa kujiamini. Tulimpata mkalimani mzuri, tukamweka mbele, tukajipongeza. Tukamweka dirishani. Jua la asubuhi likawa nyuma yake na viziwi wetu wanne wakabaki wanatazama kivuli chenye mikono. Wa kwanza kuligundua ni mtoto. Pili, mkalimani alikuwa peke yake. Sikujua kwamba wakalimani hufanya kazi wawili wawili, wakipokezana kila baada ya dakika ishirini au thelathini, maana si mikono tu inayochoka, ni kichwa. Kufikia saa sita yule kaka alikuwa akituma nusu ya maneno. Tatu, hatukumpa vielelezo mapema, kwa hiyo msemaji akisema "seva" au "nywila" yeye anaanza kutamka herufi moja moja kwa vidole huku msemaji kashafika kwingine.

Kisha umeme ukakatika. Sisi tunaosikia tulifanya kama kawaida yetu: msemaji akapaza sauti, mapazia yakabaki yamefungwa kwa ajili ya projekta isiyowaka, maisha yakaendelea. Kwa viziwi mazungumzo yalikatika pamoja na taa. Mmoja wao alinyanyuka, akafungua pazia, akarudi kukaa. Siku hizi tuna taa mbili za sola, na hazina kazi nyingine.

Mwaka uliofuata alikuja kijana mwingine kiziwi, mfugaji kutoka upande wa Bahi, ambaye hakuwahi kwenda shule. Wakalimani wetu wawili walihangaika naye bure, maana Lugha ya Alama ya Tanzania hakuifahamu. Alama zake ni za nyumbani kwao. Dada yake aliyemsindikiza ndiye aliyemfasiria siku nzima. Tulikuwa tumemwandikia huyo dada "msindikizaji", hana kiti, hana chakula. Hilo nilirekebisha palepale kwa sahani yangu.

Na maneno, jamani. Mshereheshaji alishika kipaza sauti akawakaribisha "ndugu zetu mabubu". Mkalimani akasita, akakunja uso, nadhani hakutafsiri. Viziwi wenyewe wanajiita viziwi, chama chao ni Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, hawana tatizo na neno lao. Bubu ni matusi. Nikimfikiria yule mshereheshaji namhurumia kidogo, maana Kiswahili chenyewe kilitutangulia: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, wote wamepangwa pamoja na kisu na kijiko, mpaka sarufi ije iwaokoe kwenye kitenzi. Mwalimu wetu asiyeona alilicheka sana hilo nilipomwambia. "Ndiyo maana mimi najiita mwalimu," akasema.

Huyo Mwalimu anahitaji aya yake. Alisoma Buigiri, ile shule ya wasioona iliyoko Chamwino tangu miaka ya 1950, na anaandika nukta nundu kwa kasi ya mtu anayekuna nazi. Mwaka wa pili alikaa kimya kutwa nzima. Jioni tulipoomba maoni akanyoosha mkono. "Leo mmesema 'kama mnavyoona hapa' mara kumi na tisa. Mimi nimeona mara zote kumi na tisa." Ukumbi ukaangua kicheko, kisha kikafa chenyewe. Mwaka wa tatu tukampa saa nzima. Akapanda, akaomba projekta izimwe, akafungua kompyuta yake yenye NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh. Akaiachia isome habari ya Kiswahili kwa mwendo anaoutumia yeye. Hakuna aliyeambulia hata neno; ilikuwa kama redio iliyolewa. Akatueleza ile habari yote, aya kwa aya. Akapunguza kasi mpaka tukaanza kuelewa, ile sauti ya bati inayotamka "ng'ombe" kama mgeni aliyeshuka jana. "Sasa," akasema, "kama mnavyosikia hapa." Nusu ya mafundi simu waliondoka wamejifunza kuwasha TalkBack, ile sauti ya kusoma skrini, kwenye simu za wateja. Mada ya akili bandia iliyofuata, iliyoletwa na msomi mmoja kwa ndege, siikumbuki.

Usafiri nitaugusa tu. Kutoka stendi ya Nzuguni, konda wa daladala akiona kitimwendo anatazama upande wa pili, na dereva wa bajaji anatoza kiti nauli ya mzigo. Tuliwatafuta madereva wawili wa bajaji tunaowafahamu, tukapatana bei kabla, tukawaonesha kiti kinavyokunjwa. Walioandika kwenye fomu walipewa namba zao. Hicho ndicho kilichotugharimu kidogo kuliko vyote na ndicho kilicholeta watu wapya.

Mpaka hapo nilijiona mtaalamu. Mwaka wa tatu nikaja na mwanangu wa miezi saba mgongoni. Yule dada aliyeandika "nanyonyesha" mwaka wa nyuma tulimwekea kiti nyuma ya pazia, tukampigia alama ya vema. Nilipokikalia mwenyewe ndipo nikaona kinatazamana na njia ya wapishi. Kila aliyepita na sinia alinisalimia. Nikaishia kunyonyesha ndani ya kirikuu cha shemeji, joto, katikati ya sufuria mbili za wali, mada niliyoisubiri mwaka mzima nikiisikia kwa mbali kama tangazo la msibani. Mama mkwe wangu, aliyetoka Mpwapwa kunisaidia kulea, alichungulia dirishani akaniuliza, "Nyie mnaojenga njia za viti, ya mtoto mmeisahau?"

Sasa tuna kona ya watoto. Mikeka, magari ya waya, madoli ya vitambaa, na wasichana wawili waliomaliza kidato cha sita ambao tunawalipa, maana kazi ya kulea kila mtu huitaka iwe ya kujitolea. Yule dada wa Chamwino anashona vitambaa vya mkononi vyenye namba: kimoja cha mtoto, kimoja cha mzazi, namba zisipofanana mtoto hatoki, hata aje mjomba na pipi. Mwaka kona hiyo ilipoanza alikuja baba mmoja na watoto wawili. Kabla ya saa nne alikuwa ameulizwa mara nne mama yao yuko wapi. Mara ya tano aliuliza mama mkwe wangu, na alijibiwa "Yuko ndani, kwenye mada."

Kulikuwa na mvulana wa miaka sita mwenye usonji. Muziki ulipofunguliwa kati ya mada aliziba masikio, akaingia chini ya meza, akaanza kujigonga. Nilimfuata DJ nikamwomba apunguze. Akaniangalia kama nimetukana ukoo wake. "Mama, bila besi si shughuli." Nikamwambia hii si shughuli. Tulipatana besi ianze baada ya kufunga kongamano, na chumba cha kuwekea viti vibovu tukakisafisha, tukatandika mkeka, tukazima taa. Mama yake alikaa naye humo dakika ishirini, kisha wakarudi wote. Baada ya hapo niliwakuta humo watu wazima wawili, wazima kabisa, wamelala.

Pesa. Kila bajeti ina fungu linaloitwa Mengineyo, na mambo haya yote, rampu, wakalimani, wasichana wa watoto, yalianzia humo. Mengineyo ndilo la kwanza kukatwa michango ikipungua, na michango hupungua kila mwaka wiki ya mwisho. Nilichofanya, bila kumwambia mwenyekiti, ni kuyahamisha. Rampu nikaiweka chini ya Ukumbi. Wakalimani nikawaingiza kwenye Vyombo vya Sauti. Mweka hazina aliponihoji nikamwambia hao ndio spika za viziwi, na sijawahi kukiona kikao kinachokata spika. Akaandika. Wasichana wa watoto wako chini ya Ulinzi, pamoja na yule mlinzi wa rula.

Septemba iliyopita dada wa Chamwino aliingia mwenyewe kwa rampu ya mita 3 na sentimita 60, polepole, hakuna aliyepiga makofi. Saa nne nikapita na birika. Akanyoosha kikombe, akanywa, akanyoosha tena. Nilifurahi mpaka nikakosea nikamjazia ya rangi badala ya maziwa.

Nusu saa baadaye nikasikia naitwa kutoka korido. Yuko mbele ya kile choo kipana, mlango wazi. Ndani kumejaa makreti ya soda mpaka usawa wa kifua, na juu yake masufuria ya shemeji yangu. Wapishi walitafuta pa kuweka vitu, wakaona chumba kikubwa, kisafi, hakitumiwi na mtu.

Tulitoa makreti kumi na nane, mimi, shemeji na mwenyekiti na tai yake. Dada alikaa pembeni akihesabu kwa sauti. Alipotoka aliosha mikono, akauchomoa ufunguo mlangoni, akautia kwenye ile rozari yake.

"Mwakani," akasema, "atakayetaka kuhifadhi soda aniombe mimi."

Ufunguo bado anao. Mwenye ukumbi amenipigia mara mbili.